Magaga ya Mama

Mavi ya ng'ombe yakiwa mabichi, yakakandwa pamoja na udongo wa bondeni na majivu yaliyochekechwa, hutoa harufu ambayo watu wa mjini huikunjia pua. Hapa Gitega, Burundi, nikipita kule pembezoni kwenye nyumba za matope, nikakuta mwanamke anasiriba ukuta wake, mimi husimama. Huvuta pumzi mpaka mwisho. Wapita njia hunitazama kama mwehu, mwanangu mgongoni huanza kupiga chafya, lakini siondoki mpaka nishibe. Harufu yenyewe si nzuri, sitawadanganya. Inanirudisha kwenye kiangazi kimoja nilipokuwa na umri wa miaka kama kumi, kwenye kilima kimoja cha Buhinyuza, mkoani Muyinga, nyumbani kwa shangazi yangu Modesta, mbele ya ukuta ulionifanya nichapwe, nilishwe uchafu, na mwishowe niogopwe. Watu wakiandika habari za utoto wao hupenda kusema walikuwa maskini lakini wenye furaha. Mimi nilikuwa maskini na furaha sikuiona, na walionifanyia hayo wengi bado wako hai, wanakula na kulala vizuri.

Nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, katika kijiji kimoja cha upande wa Ngara, Tanzania, kwa wazazi Warundi waliokuwa wanalima mashamba ya watu. Mama alikuwa na kazi ya pili, kusiriba nyumba. Mtu akisimamisha miti na fito na kukandika, alimwita mama aje kulainisha, naye alinichukua nimsaidie kukanyaga udongo. Nilikuwa naupenda ule ubaridi unaopanda kati ya vidole vya miguu. Mama alinifundisha vipimo vyake kwa kunionyesha tu, huku akinikemea, "Weka mavi, usiwe bahili wa mavi!" Udongo mtupu hupasuka ukipigwa na jua, mavi na mchanga ndivyo vinavyoushika. Alifariki kwa homa, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, akazikwa hukohuko pembeni mwa shamba ambalo halikuwa letu. Hakuacha picha. Hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha, wala kitambulisho hakuwa nacho. Baada ya mazishi baba alifunga godoro kwenye baiskeli, tukavuka mpaka kwenda kwao Buhinyuza, mahali ambapo mimi sikuwahi kulala hata usiku mmoja, lakini kila mtu alituambia, "Mmerudi." Baba aliniacha kwa dada yake, akaenda Gitega kubeba matofali kwenye ujenzi. Alisema atakuja kunichukua. Nadhani siku ile alikuwa anaamini maneno yake mwenyewe.

Shangazi Modesta alikuwa mwanamke mwenye mikono mizuri, laini, kwa sababu kazi za nyumba ile zilifanywa na wengine, na baada ya mimi kufika zilifanywa na mimi. Alikuwa mjane, watoto wake wakubwa walikwisha kuoa na kuolewa, akabaki na kijakazi mmoja aliyeondoka wiki niliyofika. Kule kilimani watu husema Kirundi, na maneno yao hapa ninayaandika kwa Kiswahili ili tuelewane. Ila shangazi alikuwa na Kiswahili chake kibovu alichokiokota sokoni Muyinga, akakihifadhi kwa ajili ya kunitukana. "We Muswahili! Mayi iko wapi?" Kule kwetu kumwita mtu Muswahili ni kumwita tapeli, mtu asiye na kwao. Watoto wa jirani walinifuata njiani kwenda kisimani wakiimba kwamba Mtanzania ameletwa kwenye gunia la mihogo. Kirundi changu kilikuwa cha nyumbani tu, cha mama, na nilipokisema walianguka chini kwa kucheka, wakaniiga jinsi ninavyokivuta. Nikaacha kusema. Nilipolia, shangazi alinijia na ufagio. "Unamlilia nani? Wewe ndiye wa kwanza kufiwa duniani? Kilio chako kitaniletea mkosi kwenye maharage." Basi nikaacha na kulia.

Jambo baya kuliko kipigo lilinitokea asubuhi moja nikiwa bondeni nachota maji. Nilitaka kumwona mama, kama nilivyozoea kufanya nikiwa peke yangu: nafumba macho, anakuja. Siku ile hakuja na uso. Nilijaribu macho, nikajaribu pua, nikajaribu meno yake ya mbele, nikapata ukungu mtupu. Nilikaa pale na ndoo mpaka maji yakatulia, nikajiangalia mle ndani kwa sababu watu wa Ngara walikuwa wanasema nimefanana naye, nikamwona mtoto mchafu aliyenyolewa kichwa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku alipokufa. Alikuwa ameachwa kwenye kaburi la ugenini, bila picha, bila mtu wa kumtaja, na mimi pekee niliyekuwa nimembeba nilikuwa nammwaga njiani. Kitu kimoja tu kilibaki, kikanijia chenyewe nilipojitwika ndoo na kuanza kupanda: visigino vyake. Mwaka baada ya mwaka nilitembea nyuma yake kwenye njia nyembamba, macho yangu yakiwa chini nisijikwae, na nilichokuwa naona ni visigino. Vilikuwa na magaga, nyufa pana zilizojaa udongo mweusi, zinazoanzia ukingoni kuelekea ndani. Baba alikuwa akimtania kwamba angeweza kupukuchua mahindi kwa miguu. Kila ufa niliujua. Mmoja wa mguu wa kushoto uligawanyika katikati kama njia panda.

Kiangazi kilipokolea, maharage yamepurwa na kilima kimegeuka rangi ya kahawia, habari zilikuja kwamba baba anakuja, na kwamba kutakuwa na kuganduka kwa mama. Niwaeleze wasiojua. Kwetu matanga hufungwa mara mbili. Ya kwanza ni siku chache baada ya mazishi. Ya pili ndiyo hiyo kuganduka, na kwa kawaida hungojewa mwaka au zaidi. Watu hukusanyika, pombe hunywewa, msemaji wa familia husimama na kutamka kwamba kilio kimekwisha. Baada ya hapo mfiwa yuko huru kuoa, na atakayelia tena ataonekana anawatakia wenzake kifo. Mama alikuwa hajamaliza hata majira mawili ardhini. Lakini baba alikuwa amepata mwanamke wa Gasorwe, mwenye kibanda cha kuuza chai Gitega, na wazazi wa mwanamke walisema hawampi binti yao mtu mwenye matanga mgongoni. Kwa hiyo mama ikabidi amalizwe haraka. Nilisikia haya nikiwa napepeta mtama, shangazi akimweleza jirani yake bila kupunguza sauti, kama vile mimi ni ungo. "Na hao wakwe watakuja wenyewe kushuhudia," alisema. "Nyumba lazima isiribwe. Huyu Muswahili si anajua? Mama yake si alikuwa fundi wa mavi?" Wakacheka wote wawili.

Kwa hiyo nilipewa kazi ya kuipamba nyumba ambamo mama yangu angefutwa. Nilikokota udongo kutoka bondeni kwa kikapu, nikaokota mavi nyuma ya ng'ombe wa jirani yakiwa bado yana moshi, nikachekecha majivu, nikachota mchanga mtoni. Nilikanyaga peke yangu. Nilisiriba kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, nusu duara baada ya nusu duara, kama mama alivyokuwa akifanya, na kule chini nikapitisha mkanda mweusi wa unga wa betri kuukuu za redio. Nilianza nyuma ya jiko ambako hakuna apitaye. Lipu ilikuwa mbichi, laini kama ngozi ya mtoto aliyepakwa mafuta, na kidole changu kikazama humo kabla sijaamua chochote. Nikachora mwezi nusu, kingo zikitazama chini. Halafu nyufa, moja moja. Nilipoumaliza ule wa njia panda nilirudi nyuma hatua chache nikakuta mama amesimama. Hakuwa na uso. Alikuwa anatembea mbele yangu kama siku zote. Nilikaa chini kwenye majivu nikamwangalia mpaka shangazi akaita.

Tangu siku ile kila sehemu niliyosiriba upande wa nyuma niliijaza michoro. Nilikuwa sijui kwamba hicho ni kitu chenye jina, wala kwamba kuna watu wanakisomea. Nilimchora shangazi: mtungi wa pombe wenye midomo miwili, juu na chini, ukiingiza huku unatoa kule, na haujai. Niliucheka peke yangu. Nilijichora mwenyewe, nikaona nimechora ndoo iliyowekwa kichwani lakini chini yake hakuna kichwa wala mtu. Hiyo sikuicheka, niliifuta, halafu nikairudia, kwa sababu ilikuwa kweli. Siku moja nikamchora baba. Nilianza baiskeli yake, kwa upendo, na godoro nyuma. Kidole kilipofika kwenye magurudumu kilikataa. Kikaanza kuchimba, kikachimba mpaka kwenye fito, kikatoka damu chini ya ukucha, na pale penye magurudumu pakawa na mashimo mawili ambayo ungeweza kuingiza ngumi. Hapo ndipo nilipojua kwamba nina hasira. Kabla ya hapo nilidhani naumwa. Kwa miezi nilikuwa nabeba kitu tumboni nikidhani ni minyoo, kumbe kilikuwa hiki, na kilipotoka nje kikakaa ukutani, mimi nikaweza kula. Usiku ule nilimaliza viazi vyangu vyote, shangazi akasema, "Angalieni nguruwe."

Akaja kuiona kazi yangu. Alikuwa anatafuta kuku aliyetaga nje, akazunguka jiko, akafika ukutani. Mtungi hakuuelewa, baiskeli hakuielewa, lakini kile kisigino alikielewa upesi, na alikielewa vibaya. Mimi nilichora nilichokiona: mtu anayekwenda mbele. Yeye aliona unyayo uliopigwa ukutani, kisigino kikiwa nje na vidole vikiwa havionekani, kwa hiyo vidole viko ndani. Mguu umeshaingia. Kwa watu wa kilima kile, maiti aliyezikwa ugenini hutafuta njia ya kurudi, na huyu mtoto alikuwa amemfungulia ukuta. Alinishika sikio akanileta pale. "Umemwingiza! Wiki ya kumtoa, we unamwingiza!"

"Ni mama tu, shangazi."

"Najua ni mama yako, mchawi we! Mtoe!"

Alinifanya nikwangue kwa kucha. Lipu ilikuwa imeshakauka, na mavi yakikauka na udongo huwa magumu kama chungu. Nilikwangua mpaka kucha mbili zikang'oka. Waliokuja kuangalia ni yule jirani yake, na watoto, na mama mmoja aliyekuwa amepita kuomba moto. Walisimama kama watu wanaoangalia mbuzi akichinjwa, wakishauri pa kuanzia. Kisha shangazi alichota kile kilichokuwa kwenye beseni, mchanganyiko mbichi wa siku ile, akanisokomeza mdomoni. "Meza. Si ndiyo chakula cha mama yako? Ndiyo mali aliyokuja nayo kwetu." Nilimeza. Mtoto mmoja alitapika kwa kuniangalia, na huyo alipewa maji.

Mngedhani niliacha. Nami nilidhani hivyo, siku mbili tatu. Lakini upande wa mbele wa nyumba ulikuwa umebaki, na baba alikuwa anakuja. Niliweka matumaini yangu yote kwa baba. Yeye ndiye mtu mwingine pekee duniani aliyevijua visigino vile. Nikajiambia kwamba akiviona atakumbuka, atasema subirini, huyu mwanamke bado, na nitakuwa na mwenzangu wa kumbeba. Asubuhi aliyofika, shangazi alipokwenda kumlaki barabarani, nilikisiriba kile kipande cha kando ya mlango kilichokuwa kimebaki, nikachora kisigino, kikubwa kama ungo, na ufa wa njia panda nikauchora kwa vidole viwili ili asiukose.

Baba aliingia uani na shati jipya. Alikuwa amenenepa. Alinipa mkono kama mgeni, kisha macho yake yakanipita, yakatua pale kando ya mlango. Namkumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu mwenyewe. Alikwenda karibu. Akanyoosha kidole akagusa ule ufa uliogawanyika, akiufuata mpaka ulipoishia, na mdomo wake ulifunguka kidogo. Alimjua. Msije mkaniambia hakumjua.

"Kesho wakwe zako watakaa hapa kwenye benchi," shangazi alisema nyuma yetu. "Waambie ni nini hiki. Waambie ni mke wako."

Baba aliutoa mkono wake ukutani, akaufuta kwenye suruali. Alinitazama mimi kwa hasira, kana kwamba nimemfumania. "Leta udongo," alisema.

"Baba, ni yeye."

"Nimeona. Leta udongo, mtoto, usinitie aibu. Mama yako amekwisha. Elewa, amekwisha."

Nilikwenda nyuma ya jiko. Beseni lilikuwa tupu, mchanganyiko ilibidi niuandae upya. Udongo ulikuwepo. Mavi yalikuwepo, rundo zima. Majivu yalikuwepo na mchanga ulikuwepo. Nilichukua udongo wa bondeni mtupu, ule mweusi unaonata, nikaumwagia maji mengi, nikaukoroga ukawa kama uji wa mtoto. Hakuna mavi. Hakuna mchanga. Baba alikuwa mtu wa matofali na saruji, hakujua chochote cha kazi ya mkewe, na shangazi hakuwahi kuchafua mikono yake. Baba alikunja mikono ya shati lake jipya akaupaka mwenyewe, unene wa kidole, akaulainisha kwa kiganja mpaka ukang'aa. Alifanya vizuri sana. Nilimshikia beseni.

Kesho yake jua lilitoka kali tangu mapema. Wakwe walikuja kutoka Gasorwe wamevaa vizuri, wazee wawili, wanawake watatu na yule bibi harusi mwenyewe aliyenipa pipi bila kunitazama. Waliketishwa kwenye benchi kando ya mlango, mahali pa heshima, migongo yao ikielekea ukuta. Pombe ya ndizi ilizunguka, na pombe ya mtama kwenye mtungi wenye mirija kwa wazee. Nilikuwa nimepewa kazi ya kufukuza nzi. Msemaji alikuwa mzee wa ukoo, mwenye fimbo na maneno marefu. Aliwashukuru waliokuja. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema, na hapo akageuka kumwuliza shangazi kwa sauti ya chini jina lake la ubatizo lilikuwa lipi. Shangazi alilikosea. Baba alikuwa karibu, alisikia, hakusahihisha. Mzee akalitamka jina hilo la mtu mwingine mbele ya watu wote, akasema ameondoka, machozi yamekauka, na yule atakayelia tena na alilie kwake.

Nyuma ya migongo ya wakwe, ule ukuta ulikuwa umeanza. Kwanza uzi mmoja. Halafu uzi ule ukafunguka, ukawa mdomo. Nyufa zilikimbia zikakutana, zikakatakata kile kipande chote vipande vipande vilivyojikunja kingoni kama maganda. Wakati mzee anainua mrija kutangaza kwamba imekwisha, kipande kizima kilibanduka, kikaanguka kwenye bega la mama yake bibi harusi na kumwagika kwenye kilemba chake. Watu waligeuka. Nyuma ya udongo uliodondoka, ile lipu yangu ya kwanza, iliyochanganywa sawasawa, ilikuwa imeshika kama siku niliyoipaka, na kisigino kikawa wazi, kingo zote, na ule ufa wa vidole viwili. Shangazi alipiga ukelele. "Amerudi! Mungu wangu, amerudi, amewakanyaga!" Mama wa Gasorwe alijipangusa bega kama mtu aliyemwagikiwa na moto, wanawake wakaruka, mtungi ukalala upande, na mzee mmoja wa wakwe aliweka mrija chini polepole akasema, "Sisi tunakwenda. Malizaneni na mtu wenu kwanza."

Mimi nilicheka. Hilo ndilo hawajanisamehe mpaka leo. Nilicheka nikiwa nimesimama na lile tawi la kufukuzia nzi, kwa sauti, tumbo likiuma, huku baba amepiga magoti kwenye pombe iliyomwagika akiwasihi wakwe warudi. Sikuwa nimecheka mbele ya watu tangu Tanzania. Nilichapwa kwa zamu jioni ile, baba kwanza, shangazi baadaye, na mkono wangu wa kulia haukufunga ngumi mpaka shule zilipofunguliwa. Sikufuta. Waliniamuru nifute, nikawaambia wafute wenyewe, na hakuna aliyetaka kuugusa.

Msidhani ukuta ulimzuia baba. Alioa. Alikwenda Gasorwe kimyakimya baada ya wiki kadhaa, akapatana nao, akahamia Gitega na mkewe, na neno la kunichukua halikusemwa tena. Nilichopata ni kingine. Shangazi alianza kuniogopa. Alikuwa hapiti kando ya mlango bila kutema mate, akaanza kutumia mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe. Na mimi niliponyimwa chakula, nilichukua kaa la moto lililozima nikachora nusu mwezi mdogo juu ya mlango wa ghala, na chakula kilikuja. Nilichora kwenye kigoda chake. Nilichora chini ya mkeka wake, akaukuta mwenyewe wakati wa kufagia, akalala kwa jirani. Ilikuwa raha. Sina neno lingine, na sitalitafuta. Mwishowe aliona heri niondoke nyumbani mchana kutwa, akanipeleka shule, na nilipofaulu akakimbilia kunitafutia nafasi ya bweni mjini Muyinga ili nisirudi. Masomo yangu ya sekondari nimeyapata kwa kuchora visigino.

Siku hizi nashona nguo hapa Gitega, na michoro yangu naiweka kwenye karatasi za mifuko ya saruji ninazookota kwenye majengo. Mwaka huu tuliitwa wanawake kwenye ukumbi wa parokia, tukapewa rangi, na dada mmoja aliyevaa vizuri akatuambia tuchore kinachotuumiza, kisha kila mmoja akitupe kwenye moto uliowashwa nje, aachilie, apone. Mama Furaha, Mkongo anayeuza vitenge karibu na cherehani yangu, alichoma wake na kulia, na kesho yake aliniambia, "Mi nimelala, dada, kwa kweli nimelala." Namwamini. Kila mtu ana la kwake. Lakini mimi niliposogezwa kwenye ule moto, nilimsikia yule mzee mwenye fimbo akisema machozi yamekauka. Nilikunja karatasi yangu nikaiweka kifuani. "Mama, utabaki na uchungu," dada yule alinionya. Nilimwambia nimeishi nao vizuri kuliko nilivyoishi na ndugu zangu. Kuchora kuliniponya, ndiyo, sikatai: kulinirudishia hamu ya kula, kukanionyesha mimi ni mtu wa namna gani, na mtu huyo si mpole. Nani alisema aliyepona lazima awe mpole?

Mwezi uliopita baba alinitumia ujumbe. Mkewe amerudi kwao Gasorwe na kibanda cha chai kimeuzwa, anakaa peke yake kwenye chumba kimoja ng'ambo ya soko, mgongo umeharibika kwa matofali. Nilikwenda na mwanangu, Keza, kwa sababu mtoto ana haki ya kumwona babu yake, na kwa sababu nilitaka kumwona amekaaje. Alikuwa amekonda. Alimpakata Keza, akamwangalia sana, akamgeuzageuza uso kwenye mwanga wa mlango. Nilijua anatafuta nini kabla hajasema.

"Amefanana naye?" aliuliza.

"Na nani?"

"Usinifanyie hivyo. Na mama yako. Mimi sura yake imenitoka kabisa. Nikilala namtafuta, simpati. Nasikia wewe unachora, nasikia una makaratasi nyumba nzima. Huna hata moja, mwanangu? Hata kitu kidogo tu cha kumkumbukia?"

Macho yake yalikuwa mekundu, na sikumwona anaigiza. Nilimchotea maji kwenye mtungi, nikasubiri mpaka akanywa yote, nikamchukua Keza mikononi mwake na kumfunga mgongoni. Ningeweza kumpa. Kalamu ilikuwa kwenye mkoba, ingekuwa kazi ya dakika chache.

"Sina, baba," nilimwambia. "Yule si amekwisha?"

Nikafunga mlango taratibu ili mtoto asishtuke.